Mapacha Waliopishana Miaka Minne

Mratibu wa mashindano ya maveterani alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuudhi zaidi. Alisimama katikati ya ua wetu, hapa Rufisque, akakataa kiti, akapokea glasi ya kwanza ya chai, kisha akamwambia baba yangu mdogo, Ousseynou Seck, mbele ya nyumba nzima, kwamba kwa masikitiko makubwa hataweza kucheza. Mashindano ni ya watu waliotimiza miaka hamsini. Yeye ana arobaini na minane.

Baba mdogo ni mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyecheza mpira wa kikapu kwa malipo katika nchi nne, na wakati ule alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kama mtoto aliyevunja sahani.

"Na mimi je?" aliuliza baba yangu, Assane.

"Wewe huna tatizo, mzee wangu. Una hamsini na miwili. Umepita."

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu ujana wake hajawahi kucheza mechi yenye refa. Aliiweka glasi yake chini taratibu, akamtazama mratibu, kisha akamtazama ndugu yake.

"Kwa hiyo mchomelea mageti anacheza, na huyu aliyecheza Ulaya anakaa nje kwa sababu bado mdogo."

"Ndivyo kanuni inavyosema, mzee wangu."

Bibi yangu Nogaye, aliyewazaa wote wawili, alikuwa akichambua mchele kando ya mlango wa jiko. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama. Keury Souf."

"Huyu anaitwa nani?"

"Assane."

"Na yule?"

"Ousseynou."

"Haya. Kunywa chai yako."

Mratibu aliinywa kwa haraka mno, akaungua ulimi, akaaga.

Mtu wa kwetu akisikia Assane na Ousseynou katika nyumba moja, haulizi swali la pili. Ni majina ya mapacha wa kiume. Assane ndiye aliyetangulia kutoka na Ousseynou akamfuata. Hata mtoto ambaye bado hajui kuvaa kandambili zake analijua hilo. Pamoja na hayo, kwa zaidi ya miaka thelathini serikali, vyama vya michezo na balozi za nchi za watu wamekubali bila tabasamu kwamba mwanamke mmoja alimzaa Assane, akapumzika miaka minne, ndipo akamzaa Ousseynou.

Aliyeyafanya hayo alikuwa Kocha Wagane, Mungu amrehemu. Timu yetu, Jappo, ilikuwa haijawahi kushinda kombe lolote, na mwaka ule ilikuwa imefika karibu sana na Kombe la Vijana. Ilikosa mtu mmoja tu, wa kusimama chini ya kikapu. Mapacha wa Nogaye walikuwa na miaka ishirini na mmoja, nao wote wawili walicheza. Baba alikuwa na mikono mizuri zaidi. Hilo hata baba mdogo hulikiri akiwa ameshiba. Lakini Ousseynou ndiye aliyerefuka kupita kiasi, na Kocha Wagane alimtaka yeye. Akamtafutia cheti kingine cha kuzaliwa, akamfanya kijana wa miaka kumi na saba. Kuhusu jina, hakuna aliyefikiri. Jina limetoka kwa babu, lilitamkwa sikioni siku ya nane. Nani angethubutu kuligusa? Mtu mwenye akili angelibadilisha jina na kuuacha umri. Kocha alibadilisha umri akaliacha jina.

Ilipokuwa tayari imefanyika, ndipo alipotambua kosa lake, na dawa aliyoipata ilikuwa kumwondoa baba yangu.

"Wewe, Assane, usionekane uwanjani tena," alimwambia. "Mtu akikuita jina lako tu karibu na huyu, tumekwisha."

Siku ya fainali, dhidi ya timu ya Thiès, baba alikuwa karakana, akijifunza kuchomelea. Alijua kwamba wameshinda kwa kelele zilizotoka uwanjani. Baadaye watu wa Dakar walikuja kumchukua Ousseynou, wakamchukua pamoja na umri wake mpya, na baada ya hapo ikawa haiwezekani tena kuurudisha. Baba akabaki na vyuma.

Sijui kama kuna familia nyingine iliyowahi kufanya kazi ngumu kiasi hicho kuficha jambo ambalo mji mzima unalijua. Mama wa mapacha kwetu hutoka kuomba sadaka ya watoto wake, hata kama mumewe ana ghorofa. Asipoomba, watoto huumwa. Bibi aliomba. Alizunguka Rufisque nzima, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na kibuyu mkononi. Nusu ya wanawake wazee wa mji huu waliwahi kumtilia sukari, mishumaa na maziwa ya unga kwa ajili ya watoto hao. Ni mbele ya wanawake hao hao ndipo baba mdogo, kila alipohojiwa redioni, alisema kwa sauti yake nzito, "Nina kaka yangu mkubwa, ni fundi wa vyuma, ninamheshimu sana." Bibi anasema baba aliizima redio mara ya kwanza. Mara ya pili aliitoa betri. Mara ya tatu hakuiwasha.

Wakati mmoja kocha wa Kifaransa alikuja nyumbani kuiona familia ya mchezaji wake. Baba alivalishwa kofia ya sala na kanzu ya marehemu babu, akaambiwa asinyoe ndevu wiki nzima, ili aonekane mkubwa. Bibi, aliyekuwa ameonywa asubuhi, mchana na jioni, alimshika Mfaransa mkono, akawaelekezea wanawe wawili na kusema kwa Kiwolofu, "Hawa ni mapacha wangu." Mfasiri alikuwa Ousseynou mwenyewe.

"Anasema hawa ndio vijana wake," alifasiri.

Mfaransa aliguswa sana. Alimpongeza baba kwa kumlea mdogo wake.

Ulaya nako umri ule ulimsumbua kwa namna yake. Alicheza miaka sita katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ufaransa ambako, kwa maelezo yake, jua hutoka kama mgeni asiyealikwa. Hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kuziba njia, kusukumana chini ya kikapu na kuwapa wengine mpira, na watu wa mji ule walimpenda kwa sababu hakulalamika. Akahamia Ureno, kisha Tunisia. Alipofika huko, daktari wa klabu alimpima magoti na kustaajabu. Alisema hajawahi kuona kijana wa miaka thelathini mwenye magoti ya mtu wa miaka thelathini na minne. Daktari yule alilenga barabara, na badala ya kupongezwa aliambiwa kwamba baridi ya Ufaransa ndiyo iliyoyaharibu. Miaka minne baadaye mchezo ukamtupa nje. Magazeti yaliandika kwamba amestaafu mapema. Alirudi nyumbani na begi la viatu ambavyo hakuna mwingine mjini anayeweza kuvivaa, akaanza kufundisha watoto pale pale kwenye uwanja wa Jappo, chini ya ukuta uliochorwa uso wake na, kwa rangi ya buluu, mwaka wake wa kuzaliwa wa uongo.

Jambo lililonichosha kuliko yote ni kwamba aliuzoea umri ule. Alianza kuuamini. Akiumwa mgongo husema, "Sielewi, katika umri huu." Baba akiwa karibu huondoka.

Sasa, baba alikuwa na sababu ya kuyataka mashindano haya. Miaka yote ya kuchomelea, mingi kati yake bila miwani ya maana, imemla macho. Daktari ameshamwambia kwamba yatazidi kufifia. Hakutuambia sisi, alimwambia ndugu yake, na mimi nilikuwa pale nikiwapima mabega, kwa kuwa ndimi niliyepewa kazi ya kushona jezi za timu.

"Mwaka ujao mpira sitauona," alisema, mikono yake ikiwa imenyooshwa kwa ajili ya utepe wangu. "Nitausikia tu. Nataka nicheze na wewe mara moja, mechi yenye refa. Halafu basi, urudi kuwa mdogo wangu."

"Tutacheza," alijibu baba mdogo.

Hilo lilikuwa kabla ya ujio wa mratibu.

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Baada ya ulimi wake kupoa alituma ujumbe kwamba kamati iko tayari kufumba macho, iwapo timu nyingine hazina pingamizi. Timu zote zilikubali, isipokuwa timu ya Thiès. Nahodha wa Thiès alikuwa Magatte Guèye, na Magatte Guèye alikuwa miongoni mwa vijana walioshindwa katika fainali ile, akiwa na miaka kumi na saba ya kweli.

Alikuja mwenyewe, Ijumaa baada ya sala. Akina Seck na akina Guèye ni watani tangu enzi za mababu. Guèye anaweza kuingia nyumbani kwa Seck, akafunua sufuria, akamtukana mwenye nyumba, na mwenye nyumba haruhusiwi kukasirika.

"Watumwa wangu, hamjambo?" alisema kabla hajavua viatu. "Wali umebaki, au mmeshaufagia kama kawaida ya ukoo wenu?"

"Umebaki wa kulishia kuku," Bibi alimjibu. "Kaa, utapewa nao."

Alikaa, akapewa wali wa samaki, akala vizuri. Aliponawa alimgeukia baba mdogo.

"Ousseynou, mimi sina haja na karatasi. Karatasi zako tunazijua. Nataka neno moja tu, mbele ya watu, siku ya mechi. Sema kwamba huyu ni pacha wako. Ukishasema, vaa jezi, ingia, cheza mpaka magoti yadondoke."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Na lile Kombe la Vijana lipande gari langu, niende nalo Thiès. Maana kama huyu ni pacha wako, sisi tulifungwa na baba wa watoto."

"Wakati ule sikuwa na mtoto."

"Ulikuwa na ndevu, bwana. Niliziona. Uliponirukia, zilinichoma."

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Baba mdogo hakucheka, na hakuweza kukasirika kwa sababu mtani ni mtani. Alibaki kati ya mambo hayo mawili, akivuta pumzi kwa pua.

Guèye alipoondoka, ugomvi ulianza, nao ulichukua muda wa glasi zote tatu za chai.

"Siwezi," baba mdogo alisema. "Lile kombe si langu. Ni la mji. Jappo haina jingine."

"Jappo itakufa bila sufuria ile?"

"Nilimwahidi Kocha Wagane. Kitandani kwake, Assane. Alinishika mkono akasema nisilitoe jambo hili mdomoni."

"Na mimi aliniambia nini? Ulikuwepo. Aliniambia nisionekane. Sikuonekana. Nimekuwa kaka yako mkubwa tangu siku ile, nimevaa kofia ya baba kwa ajili ya Mzungu wako, watu wananiuliza sokoni mama alichukua mimba miaka minne au vipi, ninanyamaza. Kombe ni la mji. Haya. Na mimi nilikuwa wa nani?"

Baba mdogo alizungusha glasi tupu mkononi.

"Mwambie binti yako asishone jezi yangu."

"Shona," baba aliniambia.

"Usishone, mama."

"Nimesema shona."

Nilikuwa nimeshakikata kitambaa, na kwa urefu ule hakuna mtu mwingine katika mkoa ambaye angekivaa. Niliishona. Hakuna aliyeniuliza tena, na sikumwambia mtu.

Siku ya mechi uwanja ulijaa kuliko nilivyotarajia. Wanawake walikodi viti vya plastiki, wapiga ngoma walikuja bila kualikwa, na chini ya ule ukuta wenye uso wa baba mdogo alikaa baba mdogo mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kama mtu aliyekuja kufungisha ndoa. Walimpa cheo cha mshauri wa benchi ili asiaibike. Magatte Guèye alipopita mbele yake alimwinamia.

"Kijana, usijali. Ukikua utacheza."

Baba aliingia tangu mwanzo. Ningependa kuandika kwamba alicheza vizuri. Mpira wa kwanza ulimpita begani bila yeye kujua. Wa pili aliushika, akampa mtu wa Thiès. Mara mbili alitupa kuelekea kikapu, na mara zote mbili mpira uliangukia nyuma ya ubao, kwa akina mama, ambao waliurudisha kwa maneno makali. Baba mdogo alikuwa akinyanyuka na kukaa, akinyanyuka na kukaa, akipaza sauti, "Kushoto kwako, Assane! Kushoto!" mpaka refa akaja kumwonya kwamba mshauri hushauri akiwa ameketi.

Kufikia mapumziko Thiès walikuwa wametuacha mbali. Baba alikaa kwenye sakafu ya saruji, taulo kichwani. Ndugu yake alimpelekea maji.

"Unatupa juu mno," alimwambia.

"Ninatupa ninapodhani kipo."

Baba mdogo alibaki amesimama na chupa ile mkononi.

Hapo ndipo Bibi alipoingia uwanjani.

Hatukuwa tumeambiwa lolote. Alikuwa amevaa nguo yake ya sikukuu, ile ya rangi ya njano iliyotiwa wanga mpaka inalia akitembea, na mkononi alikuwa na kibuyu cha zamani, ambacho mimi nilikuwa nimekijua maisha yangu yote kama chombo cha kuwekea vitunguu. Alianzia upande wa akina mama, polepole, kwa sababu ya nyonga zake.

"Sadaka ya mapacha," alisema. "Asinipite mtu. Sadaka ya mapacha."

Mwanzoni wasichana walicheka. Wanawake wazee hawakucheka hata kidogo. Mikono ilikwenda kwenye mikoba bila wao kufikiri. Mmoja alitia pakiti ya sukari, mwingine biskuti alizomnunulia mjukuu wake, mwingine mshumaa, na hadi leo sijui ni nani anayekwenda kutazama mpira wa kikapu akiwa na mshumaa. Ngoma zilinyamaza. Refa alitazama saa yake, akamtazama mratibu, na mratibu akaangalia angani.

Bibi alifika pale baba alipokaa, akamshika mkono, akamnyanyua, akaendelea naye. Alikuwa na mwana mmoja kulia, na kibuyu kilikuwa kimebanwa kifuani, ili mkono wa kushoto ubaki wazi. Aliuacha ukining'inia. Mama wa mapacha haombi akiwa na mmoja, ila kama yule mwingine ameshazikwa. Wanawake waliuona mkono ule, na niliwasikia wakinong'ona, wakimtafuta Ousseynou kwa macho.

Baba mdogo alikuwa amekaa chini ya ukuta wake. Nilimtazama akiangalia mkono wa mama yake. Alisema neno fulani kwa hasira, pengine kumwambia Kocha Wagane, akainuka, akaja, akaushika.

Watatu hao walikwenda hadi mbele ya timu ya Thiès. Magatte Guèye alikuwa amewasubiri. Alikuwa na kokwa moja ya kola, ile chungu ya kutafuna, nyekundu, na aliishikilia juu ya kibuyu bila kuiachia.

"Mama Nogaye, nitoe kwa ajili ya nani? Mimi namwona Assane na mdogo wake."

"Usiniulize mimi," Bibi alijibu. "Mimi nimejibu tangu siku nilipowazaa, nimechoka. Waulize wenyewe, wana midomo."

Baba alikuwa ameinamisha uso. Katika miaka yote ile, kila swali la namna hiyo lilipoulizwa, yeye ndiye aliyelikwepesha: alikohoa, alitania, alijifanya hakusikia. Safari hii hakukohoa.

"Ni pacha wangu," alisema baba mdogo, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Sijasikia, mtumwa wangu. Thiès ni mbali."

"Nimesema ni pacha wangu. Tumezaliwa siku moja, yeye asubuhi, mimi adhuhuri. Ile fainali nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na yeye alitakiwa acheze, hakucheza kwa ajili yangu. Umetosheka, au nikuimbie?"

Guèye aliiachia kola. Ilianguka juu ya sukari.

Nadhani baba mdogo alitegemea watu wapige kelele, wagune, au angalau washangae. Kilichotokea ni kwamba bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa bado anafunga mkoba wake, alisema kwa uchovu, "Sasa mimi ile sukari yangu nilikuwa nampa nani?" Mwingine akamjibu kwamba hata mbuzi wa Keury Souf wanajua, na kwamba mapumziko yamekuwa marefu, watu wana samaki jikoni. Hilo lilimuudhi baba mdogo kuliko utani wote wa Guèye. Alikuwa amelibeba jambo lile kupitia nchi nne, na mji ulilipokea kama habari ya jana.

Mratibu alivua miwani yake, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na aliendelea kuifuta kwa uangalifu mkubwa mpaka nilipomaliza kumpa baba mdogo jezi niliyokuwa nimeileta ndani ya begi langu. Baba mdogo alivua kanzu, akaivaa pale pale juu ya suruali yake. Ilimkaa vizuri.

"Nilikuambia usishone," alisema.

"Ndiyo, baba mdogo."

Kipindi cha pili walicheza pamoja. Magoti ya baba mdogo yalikuwa yakilia, lakini chini ya kikapu bado alijua kuziba njia, na watu wa Thiès walianza kugongana naye kama wanaogonga mlango uliofungwa. Alipata mpira, akamtafuta baba, akampa mkononi kabisa, kisha akakimbia hadi chini ya kikapu, akageuka na kuanza kupiga makofi juu ya kichwa chake.

"Hapa! Tupa kwenye makofi!"

Baba alitupa. Mpira haukugusa kitu.

"Makofi yako yamepinda!" baba alifoka.

"Mikono yako ndiyo imepinda! Rudia!"

"Nipe basi, usiubembeleze!"

Refa aliwaomba wanyamaze. Hawakunyamaza. Waligombana kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, juu ya makofi, juu ya pasi, juu ya mambo ya nyumbani ambayo sitayaandika, na katikati ya ugomvi huo baba alipewa mpira tena, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja kama afanyavyo anaposikiliza kama chuma kimeshika, na akatupa. Wavu ulitikisika. Hakuuona. Alisimama pale pale na kuuliza, kwa sauti ya kawaida, "Imeingia?"

"Imeingia, pacha," alijibu baba mdogo.

Tulifungwa, na si kwa tofauti ndogo. Jioni Magatte Guèye alikuja kuchukua kombe lake. Miaka hiyo yote lilikuwa jikoni kwa Bibi, juu ya rafu, likishikilia miko na upawa. Bibi aliitoa miko mmoja mmoja na kuipanga mezani. Guèye alilinusa.

"Linanuka samaki mkavu."

"Basi liache."

"Siliachi, nimelisubiri. Nitalinusa hivyo hivyo." Alilifunga kwa taulo, akalikalisha kiti cha mbele cha gari na kulivalisha mkanda.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nyumba yetu imetulia. Baba mdogo, aliyeshindwa kulitamka neno lile tangu ujana wake, sasa hawezi kuliacha. Anamtambulisha baba kwa muuza mikate ambaye amemuuzia mikate tangu akiwa na meno ya utoto: "Huyu ni pacha wangu." Amemwambia imamu. Amemwambia fundi wa maji, askari wa barabarani, na mwanamke mmoja aliyekosea namba ya simu. Alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yale, akaufuta mwaka ulioandikwa ukutani. Wa kweli bado hajauandika, kwa sababu amegombana na baba juu ya ukubwa wa tarakimu. Juzi mteja alikuja karakana kuulizia bei ya geti, na kabla hajamaliza salamu, baba mdogo akainuka kutoka kwenye benchi.

"Unamjua huyu? Huyu ni—"

"Wanajua," baba alisema, bila kuinua miwani yake ya kuchomelea. "Wote wanajua, Ousseynou. Kaa chini, shika upande huu wa bomba, na unyamaze."

Alikaa, akalishika bomba. Kunyamaza hakunyamaza.